Birika Lililosubiri Jua

Wahenga waliosema "kawia ufike" hawakuwa wavivu. Hawakusema "lala ufike", wala hawakusema "kaa tu, utafikishwa". Walichomaanisha ni kwamba ipo safari ambayo mwenye mbio huishia njiani, miguu juu, na mwenye kujizuia akafika na pumzi zake zote. Anayebisha na aje kwetu Drumlathie, chini ya milima ya Angus huku Uskoti, aulize habari za mechi ya Mtakatifu Andrea ya mwaka ule wa sakitu kubwa. Asiogope kukosa wa kumsimulia. Shida yake itakuwa kumnyamazisha.

Kati ya mji wetu na mji wa Fernie pana mto mmoja, daraja moja na birika moja. Mto ni mwembamba, na daraja ni la mawe. Birika ni la shaba, limebonyea ubavuni, na halikuwa limechemsha maji tangu enzi za mababu. Hata hivyo, kila mwisho wa Novemba, siku ya Mtakatifu Andrea, miji hii miwili huligombea kwa fimbo za gofu kana kwamba ndani yake mna uzima wa milele. Wanaoshinda huliweka dirishani pa klabu yao mwaka mzima. Wanaoshindwa hupita mbele ya dirisha hilo wakijifanya wanatazama mawingu.

Miaka ile, waliotazama mawingu walikuwa sisi. Birika lilikuwa limekaa Fernie muda mrefu hata watoto wetu wakadhani ni hekaya ya bibi zao.

Mashindano hayo yana mwiko mmoja: birika halihami gizani. Zamani za kale wazee waligombania mpira ambao hakuna aliyeuona, wakachapana makonde mpaka wengine wakaogeshwa mtoni. Tangu siku hiyo ikakatwa shauri kwamba mpira wa mwisho usipotumbukia shimoni jua likiwa bado juu ya mlima Cairn Odhar, birika hubaki lilipo. Pia wakitoka sare, hubaki lilipo. Na jua la Novemba huku kwetu ni kama mgeni asiyevua koti: huja limechelewa, likakaa ukingoni mwa kiti, likaaga.

Mwaka huo nahodha wetu alikuwa Senga Rattray, mwoka mikate, mwanamke mwenye mikono minene na kicheko kinachosikika mpaka posta. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvaa koti la unahodha Drumlathie, na koti hilo lilikuwa na macho mengi mgongoni. "Mwanamke atajua nini zaidi ya unga?" walinong'ona wazee wa pembeni, na minong'ono ya Drumlathie, kwa bahati mbaya, hunong'onwa kwa sauti ya kuita ng'ombe. Senga akaisikia. Akasimama mbele ya mkutano mzima, mikono kiunoni, akasema, "Birika lisiporudi mwaka huu, koti hili nitalivua mwenyewe. Mumpe mnayemtaka."

Waliyemtaka walikuwa wamekwisha kumpima mabega kwa macho. Aliitwa Gregor Petrie, fundi bomba. Gregor hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkarimu, mwenye nguvu, na hakuna aliyeupiga mpira mbali kumshinda. Ila alikuwa na haraka kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Siku ya harusi yake alijibu "ndiyo" kabla mchungaji hajauliza. Mkewe, Elspeth, alikuwa na desturi ya kupakua chakula cha mumewe mwanzo na kukiacha kipoe, maana asingefanya hivyo angemwuguza ulimi kila wiki. Na kwa kuwa jozi ya mwisho ya mechi ndiyo huamua, Senga alimchagua Gregor awe mwenzake. Jozi hupiga mpira mmoja kwa zamu: huyu apige, kisha yule. Watu waliposikia hivyo wakasema nahodha amefunga gari la ng'ombe na farasi pamoja.

Basi siku ikawadia, na kulipopambazuka, uwanja mzima ulikuwa mweupe. Haikuwa theluji. Ilikuwa sakitu, ule ungaunga mkali wa baridi unaoshuka kimya kimya usiku usio na mawingu. Kila jani la nyasi lilikuwa limesimama kama sindano. Dod Lindsay, mtunza nyasi, alipiga goti kando ya zulia la shimo la mwisho, lile duara la nyasi fupi, laini kama kichwa kilichonyolewa, ambamo shimo hukaa. Akaweka kiganja chini, akakiondoa haraka, akakipuliza.

"Bado zimelala," akasema. "Mtu asikanyage."

Sababu yake hakuna mtu wa Drumlathie asiyeijua. Huijua tangu utotoni, kama mtoto ajuavyo kutogusa jiko. Jani lenye sakitu ni kioo. Ukilikanyaga, linavunjika ndani kwa ndani, na jeraha halisemi neno papo hapo. Linangoja. Kisha jua likipiga, jani linaanza kuwa jeusi, baadaye linakauka, na alama ya buti lako inabaki pale hadi masika, kila mtu akiisoma. Lakini kujua ni jambo moja. Kujizuia ni jambo jingine.

Watu wa Fernie walifika kwa basi, wakiimba. Mbele yao alitembea nahodha wao, Alasdair Cruden, dalali wa mnada wa ng'ombe, mtu wa tumbo pana na ulimi usiopata kutu. Birika alilipakata kama mjukuu, nao walikuwa wamelivisha skafu ya kijani ya Fernie.

"Salamu, Drumlathie!" akapaza sauti mlangoni. "Nimewaletea birika mlitazame. Msiliguse tu. Lina haya kwa watu lisiowajua!"

"Karibu, Alasdair," Senga akajibu huku akimpokea koti. "Liweke pale karibu na jiko, lianze kuzoea nyumba."

Nyumba nzima ikacheka, wa kwetu kwa wa kwao. Jumba la klabu lilikuwa limefurika. Madirisha yalikuwa yametokwa jasho, viti havikutosha, na wenye miguu imara wakaegemea kuta.

Gregor hakucheka. Alikuwa dirishani, fimbo mkononi, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Nahodha, toa amri tuanze," akasema. "Wenyeji ni sisi. Neno lako linapita neno la Dod, ndiyo desturi."

"Neno langu ni tungoje."

"Tungoje nini? Jua likizama birika linarudi Fernie! Wao ndio wanaotaka tungoje! Mtazame Cruden alivyokaa!"

Kweli, Cruden alikuwa amekwisha kaa, amekunjua miguu mbele ya jiko. "Sisi hatuna haraka, ndugu yangu," akasema kwa upole wa paka aliyeshiba. "Jua likichelewa kuchomoza, tutakunywa chai. Likiwahi kuzama, tutakunywa tena."

"Umeona?" Gregor akafoka. "Senga, wewe unawapikia ushindi wao!"

Wazee wa pembeni wakatikisa vichwa. Safari hii hata waliompenda Senga waliona Gregor ana hoja. Senga akawatazama, akatazama uwanja mweupe.

"Gregor, ardhi ile sasa hivi ni saruji. Mpira ukitua huko hauulizi nani fundi na nani mwanagenzi, unaruka unakotaka. Mimi sikuja kucheza bahati nasibu. Na nyasi tukiziua leo, masika tutachezea wapi? Tungoje."

"Ardhi ni nzuri tu!" akasema Gregor. "Ngoja niwaonyeshe!"

Kabla mtu hajamshika mkono, alikuwa amekwisha kutoka. Watu wakajazana madirishani, pua zikibandikwa kwenye vioo. Gregor akatupa mpira chini, mahali penye njia, akageukia zulia la mwisho, akainua fimbo, akapiga kwa nguvu zake zote.

Fimbo ikapata mpira, halafu ikapata ardhi. Ardhi ikalia kama reli iliyogongwa nyundo. Mtetemo ukampanda Gregor viganjani, ukapita kwenye viwiko, ukamfikia kwenye meno. Mpira nao ukaenda vizuri, ukashuka vizuri, ukatua katikati ya zulia, na badala ya kutulia kama ilivyo ada yake, ukaruka kama mbuzi aliyekatwa kamba. Ukavuka ukuta. Ukaingia bandani mwa kuku wa mchungaji.

Kelele zilizotoka humo hazikuwa za kidini.

Hapo ndipo Gregor alipofanya kosa ambalo sasa lina jina lake. Mashavu yakiwa yamemwiva kwa aibu, akatimua mbio kuufuata mpira, na njia fupi ya kwenda bandani ilikuwa kukata katikati ya zulia.

"Gregor!" Dod akapiga ukelele. "Zunguka! Zunguka, mtu we!"

Lakini buti zilikuwa zimekwisha pita. Krap, krap, krap, kila hatua ikilia kama mtu anayetafuna bisi. Watu madirishani wakashika vinywa. Gregor alirudi na mpira mkononi na unyoya kichwani, safari hii akipita kandokando taratibu, kama mwanafunzi aliyechelewa darasani.

Cruden akapanda juu ya kiti, kijiko cha chai mkononi kwa nafasi ya nyundo ya mnada. "Mabibi na mabwana! Ninaye kuku mmoja wa mchungaji, umri wa kati, amestuka kidogo lakini bado anataga! Nani ananifungulia bei?"

Watu wakavunjika mbavu. Hata Elspeth alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamvika mumewe taulo la moto kwenye viganja vilivyovimba. "Kaa," akamwambia. "Leo kaa tu, baba. Dunia haiendi popote."

Basi wakangoja. Na kama kuna kungoja kulikowahi kuwa kutamu, ni kule. Supu ya shayiri na kondoo ilitoka jikoni sufuria baada ya sufuria. Mtu akatoa kodiani, mwingine akasogeza meza, wake kwa waume wakaanza kuzungushana. Habari zilizokuwa zimekwama ng'ambo ya mto mwaka mzima zikavuka zote asubuhi ile: nani kamwacha nani, nani kanunua trekta asiloweza kuligeuza, mtoto wa nani anafanana na nani. Na Senga, mwanamke yule, hakuacha kuleta bridi. Bridi za Senga ni mikate ya nyama iliyokunjwa kama nusu mwezi, na mafuta yake hukufuata mpaka nyumbani. Kila sinia lilipotoka tanurini, la kwanza kufikiwa ni meza ya Fernie.

"Ongeza, Alasdair. Mgeni hali kama ndege."

"Wallahi nimeshiba, Senga."

"Hii ni ndogo."

"Kama ni ndogo..." Na mkono wa Cruden ukaenda.

Hakuna aliyejua kilichokuwa kinaendelea jikoni. Huko, mlango ukiwa umefungwa, Senga alisimama mbele ya kidirisha, sinia tupu mikononi, akiutazama uwanja uliokuwa bado mweupe. Shangazi yake, Netta, alikuwa akiosha sahani.

"Shangazi, na kama Gregor ana haki? Jua lisipotoka?"

Netta hakugeuka. "Keki ya harusi ya Gregor. Nani alikuja kuifungua tanurini kabla haijawa tayari?"

"Gregor mwenyewe."

"Ikawaje?"

"Ikabonyea."

"Walikula nini siku ile?"

"Biskuti."

"Haya. Nipe sinia hilo nilioshe."

Senga akacheka peke yake, akampa sinia. Na alipoinua macho, ukungu ulikuwa umepasuka juu ya miti, na mwale mmoja wa jua ulikuwa umelala juu ya uwanja kama paka juu ya kitanda.

Nyeupe ikaanza kuwa kijivu, kijivu ikaanza kuwa kijani. Uwanja mzima ukatoa moshi. Dod alizunguka zulia moja baada ya jingine, akipapasa, akitikisa kichwa, akipapasa tena. Watu wakaona meupe yamekwisha, wakaanza kuvaa viatu, naye akawarudisha kwa mkono: juu kumeyeyuka, chini bado. Adhuhuri ilikuwa imekwisha pita alipoifikia kamba ya kengele na kuivuta. Ngangaa! Jumba zima likainuka kwa shangwe.

"Jua limebaki kidogo," Senga akamwambia Cruden. "Tucheze nusu ya mashimo?"

Cruden akainuka, akajishika tumbo, akaketi tena, akainuka mara ya pili. "Nusu," akakubali kwa moyo mmoja. Alikuwa amelitazama jua, na kwa hesabu yake hata nusu isingemalizika.

Lakini nyasi zilizongojewa huwa na shukrani. Mipira ilitua, ikatulia. Kila mtu wa Drumlathie aliyajua mazulia yale kama ajuavyo ngazi za nyumbani kwake, na leo yalikuwa yaleyale, laini, yenye unyevu, ya kuaminika. Watu wa Fernie nao walikuwa hodari, hilo haliwezi kukanwa, ila walitembea kama watu waliobeba mawe mifukoni. Wakiinama kuweka mpira, walihitaji muda kuinuka. Mmoja alionekana ameegemea mti, macho amefumba, akimlaumu aliyevumbua bridi.

Jozi zetu zikashinda huku, zikashindwa kule. Hesabu ikawa sawa. Jozi ya mwisho ikafika shimo la mwisho ikiwa sawa vilevile. Mji mzima ukawa umezunguka zulia, na jua lilikuwa limeshuka hadi karibu kugusa bega la Cairn Odhar.

Sasa ni Cruden, mpigaji wa jozi ya mwisho ya Fernie, aliyekawia. Alifunga kamba za kiatu. Alifungua, akafunga tena. Alifuta mpira. Alianza kumsimulia mwenzake habari za fahali fulani. "Cheza, wewe!" watu wetu wakapiga kelele, naye akawainulia kofia. Lakini kukawia kwa mtu asiyekwenda popote hakumfikishi popote. Akili yake yote ilikuwa juani, hakuna iliyobaki kwa mpira. Alipopiga hatimaye, mpira ukapita shimo. Mwenzake akarudisha, akapungukiwa. Mpaka wanautumbukiza, walikuwa wametumia pigo moja la ziada ambalo hawakulipanga.

Ikabaki hivi: Senga na Gregor wakitumia mapigo mawili, birika ni letu. Wakitumia matatu, ni sare, na birika linapanda basi. Na zamu ya kupiga ilikuwa ya Senga.

Senga akaenda nyuma ya mpira, akachuchumaa. Na pale, katikati ya mpira na shimo, akaziona.

Zilikuwa zimeanza kuiva. Nyayo za buti kubwa, nyeusi kama alama za pasi iliyosahaulika juu ya shuka, vidole vikitazama nje kama vya bata. Zilikata zulia moja kwa moja kutoka upande huu hadi ule. Nyasi ndani yake zilikuwa zimelala, hazina uhai. Na nyuma ya shimo zulia liliteremka hadi kwenye kivuli cha ukuta wa mchungaji, mahali ambapo jua halikufika siku nzima na sakitu ilikuwa bado nyeupe. Mpira ukiyumba juu ya nyayo ungeshuka huko, na kutoka huko harudi mtu kwa pigo moja.

"Piga moja kwa moja!" wazee wa pembeni wakapiga kelele. "Jua, Senga, jua!"

Gregor akaja mbio, kisha akasita ukingoni. "Nyoosha tu, nahodha, unaliweza hilo! Unangoja nini?"

Senga akaelekeza fimbo yake chini. "Gregor. Hizi ni za nani?"

Gregor akatazama. Akatazama buti zake. Shingo ikamwiva.

"Zangu," akasema kwa sauti ya chini.

"Sheria inakuruhusu kusawazisha mbonyeo, nahodha," akasema Cruden, ambaye bado alikuwa na moyo wa kiungwana, na pia alitaka muda upite.

"Mbonyeo husawazishwa, Alasdair. Nyasi zilizokufa huombewa tu." Akamgeukia Gregor. "Hatupiti hapa. Nitazunguka. Nikusogezee, umalizie wewe."

"Kuzunguka!" Gregor alishika kichwa. "Mapigo mawili, na jua lile?"

"Tuna mapigo mawili. Kwa nini nilazimishe moja?"

Akasimama, akatulia. Huku watu wakimlilia kama wafiwa, akaupiga mpira kwa upole, si kuelekea shimo, bali pembeni yake. Mpira ukapanda, ukapinda, ukazizunguka nyayo kama mtu mwenye adabu anavyozunguka mkeka wa watu waliolala, ukaja kusimama karibu na shimo, kiasi cha dhiraa moja.

Sasa zamu ilikuwa ya Gregor. Na jua lilikuwa limekaa juu ya mlima, jekundu, limeanza kuliwa upande wa chini.

Gregor akaruka. Alifika kwenye mpira kwa hatua mbili, fimbo imekwisha kuinuka.

"Gregor," akasema Senga.

Fimbo ikabaki hewani. Na watu wote wa Drumlathie wakaona kitu ambacho hawakuwahi kukiona tangu Gregor Petrie azaliwe: alishusha mikono. Akarudi nyuma. Akapita kando ya nyayo zake mwenyewe, akizitazama moja moja. Akavua glavu, akapuliza viganja vyake vilivyovimba. Elspeth akafunika macho kwa skafu.

"Mlima unalinunua jua!" Cruden akanadi, hakuweza kujizuia. "Mara ya kwanza!"

Gregor akachuchumaa, akautazama mpira, akalitazama shimo.

"Mara ya pili!"

"Piga, jamani, piga!" mji ukalia.

Gregor akasimama. Akavuta pumzi. Akaitoa. Viganja vilimuuma kiasi kwamba asingeweza kupiga kwa nguvu hata angetaka, basi akaugusa mpira tu, kama mama anavyogusa paji la mtoto kumwangalia homa.

"Mara ya ta..."

Kong.

Sauti ile ya mpira kugonga chini ya shimo ilikuwa ndogo, lakini wapo wanaoapa waliisikia wakiwa darajani. Jua likachungulia mara moja zaidi, likazama. Na Drumlathie ikalipuka. Kofia zikaruka. Dod akambusu Netta, jambo ambalo lilizungumzwa hadi Krismasi. Elspeth akamrukia mumewe, wakaanguka wote wawili, kwa bahati njema nje ya zulia. Senga alisimama palepale, fimbo mkononi, akicheka kile kicheko chake, na machozi yakimtiririka bila kificho. Wale wazee wa pembeni wakaja wakamfuta vumbi kwenye mabega ya koti, vumbi ambalo halikuwapo.

Cruden akaingia ndani, akalichukua birika. Akalivua skafu ya kijani, akajifunga mwenyewe shingoni, akalibusu juu ya bonyeo, akamkabidhi Senga kwa mikono miwili.

"Limeuzwa," akasema. "Lakini nahodha, nikuulize. Zile bridi..."

"Zilikuwa na nini?"

"Zilikuwa na nia."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akajibu Senga bila kupepesa. "Umebakiza moja. Nikufungie?"

Akafungiwa, na jumba likachangamka upya. Mtu akapendekeza birika lichemshiwe chai ya ushindi. Likajazwa maji, likawekwa jikoni, na hapo ikagunduliwa kwamba lina tundu, tena pengine lilikuwa nalo kabla ya mababu. Maji yote yakamwagika, jiko likazimika, Fernie na Drumlathie wakabaki katika moshi wakikohoa na kucheka. Gregor akaitwa alizibe, maana ni fundi. Watu wakatazamia aruke. Akaligeuza birika mikononi, polepole, akalitazama tundu lile kwenye mwanga wa taa.

"Kazi hii haifai kufanywa mbio," akasema. "Nileteeni kiti kwanza."

Hadi leo hawajaacha kumtania kwa hilo.

Nyayo zile zilikauka, zikawa za rangi ya majani makavu, na zikakaa pale majira yote ya baridi. Dod alitaka kuzibandika nyasi mpya mapema, lakini Gregor mwenyewe ndiye aliyemwomba asizifunike kabla ya masika. Na majira yale yote, birika likiwa dirishani petu na watu wa Fernie wakilipita wanatazama mawingu, ilikuwa mtu wa kwetu akionekana ana mbio, awe bwana harusi, dereva au mtoto anayetaka kitumbua ambacho hakijaiva, haambiwi mengi. Huelekezwa tu kwenye zulia la mwisho, akajionee aliyekimbia alifika wapi na aliyezunguka alifika na nini. Naye hurudi taratibu, kwa njia ya kando, amekwisha elewa kwamba wahenga hawakukosea: kawia ufike.